Tabu ya kusoma tabu

Wiki mbili nzima nilipiga wimbo kichwa chini miguu juu na sikujua. Hii ni enzi za intaneti kafe, unalipia nusu saa, unatafuta wimbo unaoupenda, unaprinti kwa shilingi 200 ukurasa unarudi nyumbani karatasi umeikunja mfukoni kama hundi, na siku hiyo nilikuwa na kurasa tatu za mistari sita sita yenye namba juu yake, ile kitu wenyewe wanaita tablature na mimi toka siku hiyo naita tabu, maana jina lilijileta lenyewe. Nikakaa barazani nikaangalia. Mistari sita, gitaa langu nyuzi sita, hesabu imetimia. Ukipakata gitaa ukaliinamia, uzi wa kwanza kuuona karibu na pua yako ni ule mnene, kwa hiyo mstari wa juu kwenye karatasi ni uzi mnene, si ndiyo?

Siyo bwana. Mstari wa juu ni uzi mwembamba kuliko wote, ule ulioko upande wa sakafu, na mstari wa chini ndo uzi mnene. Mimi nikapiga kinyume siku kumi na nne, kwa bidii, na nikajishawishi kwamba wimbo ule ukipigwa taratibu unakuwaga hivyo. Aliyenizindua ni mjomba wangu, ambaye zamani alikuwa anapiga solo ya pili kwenye bendi ya dansi na hajawahi kusoma noti hata moja maishani mwake. Alipita na ndoo ya maji akasimama, akasikiliza, akatua ndoo chini. "Mjomba, huo wimbo unawapigia wachawi?"

Kama na wewe unaanza, fanya hivi: lilaze gitaa mapajani uso juu, shingo kushoto. Uzi mnene utakuwa karibu na tumbo lako, mwembamba uko mbali kwenye magoti. Sasa ukiangalia hivyo ndivyo karatasi inavyokaa, mnene chini, mwembamba juu, huhitaji kukariri kitu.

Na sio hilo tu, zile kurasa zenyewe zilikuwa mbovu toka kafe. Yule kijana wa pale alinisaidia "kuipendezesha", akakopi akaibandika kwenye Word, akabadilisha fonti ikawa Times New Roman ili itoke nzuri. Tabu za kuandika kwa kibodi zinategemea fonti ambayo kila herufi inachukua upana sawa, kama Courier, kwa sababu namba zinazopigwa pamoja lazima zikae wima moja juu ya nyingine. Ukiweka Times, kile kideshi kinakuwa chembamba kuliko namba, basi mstari wenye namba nyingi unarefuka, wenye namba chache unabaki nyuma, na kodi moja ya vidole vitatu, yaani noti tatu za kulia pamoja, inageuka noti tatu zinazofukuzana. Mpaka leo mtu akinitumia tabu kwenye meseji ya simu imekaa upande upande namwambia naomba piga picha kwenye kompyuta unitumie picha.

Baadaye sana nikaja kujua kwamba lile kosa langu la kwanza halikuwa la kijinga kiasi hicho. Tabu ni kitu cha zamani mno. Mwaka 1507 kule Venice, Petrucci alichapa vitabu vya Francesco Spinacino vya lute, ambayo ni kama udi wa Kizungu (na jina lenyewe limetoka kwenye al-ud ya Waarabu, udi huuhuu unaousikia kwenye taarabu), na Waitaliano wa wakati ule waliandika tabu yao ya mistari sita na namba, uzi mnene ukiwa JUU. Yaani vilevile nilivyosoma mimi barazani. Mhispania Luis Milán, kitabu chake cha 1536 huko Valencia, yeye aliweka uzi mwembamba juu kama tunavyofanya sasa. Kwa hiyo nilikuwa sahihi, ila nilichelewa miaka 500 na nikakosea mji. Nilimwelezea mjomba hii habari kwa furaha zote, akaniambia haya, kapigie huko Venice.

Mambo ya namba nayapitia haraka maana hayana shida. Namba ni freti ya kubonyeza (kile chumba kati ya vyuma vya shingoni), 0 ni uzi mtupu usioshikwa, namba zilizopangana wima unazipiga pamoja, unasoma kutoka kushoto kwenda kulia. Kama kuna kapo, kile kibanio cha shingoni, 0 ni pale kapo ilipobana na freti zinaanzia kuhesabiwa hapo, sio kwenye kichwa cha gitaa. Na ukiandika freti ya 12 kumbuka imechukua nafasi mbili, kwa hiyo mistari mingine mitano uiongezee deshi moja moja la sivyo kila kitu mbele yake kinahama, na ukitaka kusema 1 halafu 2 weka deshi katikati, usituandikie 12 tukaruka mpaka katikati ya uzi bure.

Lakini mtu anayejua namba tu hajui kusoma tabu. Anapiga kama anataipu. Namba zinakwambia kidole kikae wapi, basi, na muziki wenyewe uko kwenye vile vialama vidogo vinavyokaa katikati ya namba, ambavyo mimi miaka miwili ya mwanzo nilikuwa naviruka kama mtu anavyoruka maelezo kwenye boksi la dawa.

Angalia hapa, herufi za kushoto ni majina ya nyuzi, e ndogo ni ule mwembamba na E kubwa ni ule mnene:

e|-----------------|
B|-----------------|
G|--5h7--7p5-------|
D|------------7----|
A|-----------------|
E|-----------------|

Hiyo h wanasema hama-oni, kugongelea kama nyundo. Unapiga uzi mara MOJA tu kwa mkono wa kulia ukiwa umebonyeza freti ya 5, halafu kidole kingine cha kushoto kinashuka kwa nguvu kwenye ya 7 na sauti inatoka yenyewe bila kupigwa tena. p ni pulo-ofu, kinyume chake, unarudi kutoka 7 kwenda 5, na hapa ndo wengi tunafeli kwa sababu tunadhani ni kuinua kidole. Ukiinua kidole tu sauti inakufa. Kile kidole inabidi kiukwanyue uzi kikitoka, kiuvute pembeni kidogo kuelekea sakafuni kama unavyokwanyua jani la kisamvu, na kidole cha freti ya 5 kiwe kimeshakaa pale kinasubiri kabla, sio kinakuja baadaye. Kwa hiyo noti ziko tano hapo juu ukihesabu namba lakini mkono wa kulia unafanya kazi mara tatu tu. Ukipiga mara tano noti ni zilezile, hujakosea hata moja, na bado siyo wimbo ule.

Hilo nilikuwa sielewi. Nilimpigia mjomba mstari kama huo, kila noti na pigo lake la mkono wa kulia, safi kabisa, nikategemea sifa. Akasema noti ziko sawa lakini unaongea kama mtangazaji wa taarifa ya habari, kila silabi unaitamka, watu hawaongei hivyo. Akachukua gitaa akapiga kitu hicho hicho na mkono wake wa kulia ulikuwa kama umelala, kazi yote inafanyika kushoto. Nikarudi kwenye karatasi, na pale pale alipolegeza mkono ndipo zilipokuwa zile h na p.

Halafu kuna mkwaju, / na \. Huu ndo alama ninayoipenda kuliko zote na ndo inayobeba muziki wa kwetu, dansi la Tanzania na la Kongo bila mkwaju halipo. 5/7 maana yake unapiga freti ya 5 halafu kidole kilekile, bila kuachia mgandamizo, kinateleza mpaka 7, na ukitaka kushuka unaandika 7\5. Ukiachia kidogo tu njiani sauti inakatika, ukikandamiza sana kidole kinakwama na ngozi inaungua, kwa hiyo kuna kipimo chake ambacho hakiandikiki. Utamu wake ni pale unapoteleza na nyuzi mbili kwa pamoja, hivi (ule uzi wa B wa katikati uugusie kidole usilie, nyingine nimeziacha hazina kazi):

e|--3/5--5--7/8--|
B|---------------|
G|--4/5--5--7/9--|

Hiyo ni skeli (ngazi ya noti) ya C tu, sauti mbili zinazotembea pamoja. Piga bila mikwaju, utasikia zoezi la shule. Weka mikwaju, na mtu wa rika la mjomba akiwa chumba cha pili atauliza umefungulia redio gani. Angalia pia vidole havitembei umbali sawa, mwisho pale uzi mmoja unapanda freti moja mwingine mbili, kwa hiyo mkono unabadilika umbo ukiwa unateleza, na hiyo tabu inakuonyesha vizuri kuliko noti za kawaida, lazima tuipe haki yake.

b ni bendi, na sio ile ya kwenye ukumbi. Unasukuma uzi pembeni ukiwa umebonyeza mpaka sauti ipande. 7b9 maana yake simama freti ya 7 lakini vuta mpaka isikike kama freti ya 9, huendi ya 9 kwa miguu, unaileta sauti yake pale ulipo. 7b9r7 umevuta halafu umerudisha. Wengine badala ya 9 wanaandika full, yaani toni nzima, ambayo ni freti mbili, na wengine 1/2 kwa nusu toni, freti moja. Sasa hiyo 1/2 imeniaibisha mimi. Niliona 7b1/2 nikasoma b kama kosa la kuchapa, halafu freti ya 1 mkwaju ya 2, nikawa natoka mbio freti ya 7 narudi mpaka ya 1 nateleza kidogo halafu nakimbilia tena juu, nikajisemea huyu mpigaji ana mikono mirefu. Kwenye bluzi na roki utakutana na b kila mstari. Kwenye vitu vya mjomba nilivyowahi kuandika, kurasa kama arobaini za daftari, sidhani kama nimeiandika mara tano, yeye akitaka kufika mahali anateleza au anagongelea, kuvuta uzi anaona ni kuutesa.

Zilizobaki nazisema kwa mkupuo. ~ ni kutetemesha, kidole kinatikisa uzi noti ikiwa bado inalia. x ni uzi uliokufa, umeugusa bila kubonyeza unatoa "tk" tu kama kugonga kiberiti, na usiidharau, mpiga ridhimu akikosa x hana ridhimu. Namba ndani ya mabano ni noti ya kunong'ona au ile inayoendelea kulia toka nyuma. P.M. na videshi vyake juu ya mistari ni kulaza ubavu wa kiganja cha kulia karibu kabisa na daraja, pale nyuzi zinapoishia kwenye mwili wa gitaa, ili nyuzi zitoe sauti iliyofunikwa, ukikilaza mbele sana umezinyonga zote. t ni kugonga freti kwa kidole cha mkono wa kulia, vijana wote wa roki wakaipapatikia baada ya Eddie Van Halen mwaka 1978, mjomba akaiona kwenye simu yangu akasema huyu anataipu.

Ila <12> nikae nayo kidogo. Hizo alama mbili za pembeni zinasema usibonyeze, gusa tu uzi juu ya chuma chenyewe cha freti ya 12, sio nyuma yake kama kawaida, piga, halafu toa kidole haraka, na unapata sauti kama kengele. Inatoka kwa sababu freti ya 12 iko nusu kamili ya uzi. <7> unagawa uzi sehemu tatu, <5> sehemu nne. Mjomba hajui habari za kugawa uzi, lakini kila siku anatyuni hivyo: kengele ya freti ya 5 kwenye uzi wa sita, ule mnene, na kengele ya freti ya 7 kwenye uzi wa tano ni sauti ileile, akizipiga pamoja kama kuna wimbi linapanda linashuka anakaza mpaka wimbi lilale. Nilivyomwonyesha kwamba kuna alama yake kwenye karatasi alishangaa kweli. "Na hii nayo wameiandika?" Nadhani siku hiyo ndo aliacha kunicheka.

Tatizo hakuna serikali ya tabu. Huyu kuteleza anaandika / yule anaandika s, huyu kutetemesha ~ yule v, kuna wanaotumia ^ kwa bendi na wengine ^ hiyohiyo kwa hama-oni. Mwandishi mstaarabu anaweka maelezo ya alama zake juu kabisa, na asiyeweka ujue aliandika kwa ajili yake mwenyewe.

Na kuna kitu kikubwa ambacho tabu za kibodi hazisemi kabisa: lini. Hazina muda. Deshi nyingi katikati ya namba zinaashiria usubiri, lakini usubiri kiasi gani haijulikani, ndo maana tabu ya wimbo ambao hujawahi kuusikia haikusaidii kitu. Mimi siku hizi naandika hesabu chini yake, 1 na 2 na 3 na 4 na, kila neno chini ya noti yake, inachosha lakini la sivyo baada ya mwezi mimi mwenyewe najisoma sijielewi.

Niliingia kwenye kuandika hasa kwa sababu ya mjomba. Vidole vya mkono wa kushoto vilianza kumsumbua, asubuhi havikunji vizuri, nikaona yale mapigo yake yatapotea. Simu ilirekodi, sawa, lakini rekodi haikuonyeshi freti, na noti moja kwenye gitaa unaweza kuipata sehemu tatu nne tofauti na kila sehemu ina ladha yake, hapo ndipo tabu inapoishinda rekodi. Kwanza nikajipima kwa kujaribu kuandika kipande cha Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wa Kongo, yule ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 Jadotville, Likasi ya sasa. Mtu anapiga kwa gumba na kidole cha shahada tu, na unasikia watu wawili. Kwenye karatasi wale watu wawili wanakuwa rundo moja la namba, hujui ipi ya gumba. Wapigaji wa klasiki wana herufi zao za vidole vya kulia, p i m a, majina ya Kihispania, gumba ni p. Lakini p tayari ni pulo-ofu! Nikasema niweke g ya gumba, inagombana na uzi wa G. Nikasema s ya shahada, wenzetu wengine s ndo mkwaju. Mwisho nikaweka nukta chini ya namba za gumba, basi, na ndivyo ninavyofanya mpaka leo.

Mtego mwingine nilipata kwenye tyuni. Kulikuwa na sehemu mjomba aliniambia nyuzi zake, niliandika kila freti kama alivyonionyesha, nikaenda kupiga kwenye gitaa langu zikatoka nzito nzito, hazing'ai. Nikarudia mara ishirini. Kumbe gitaa lake pale kwenye uzi wa nne, D, amefunga waya mwembamba aliouvuta mpaka D ya juu, ile staili ya Kongo wanayoita mi-composé, kwa hiyo freti ni zilezile lakini sauti iko oktavu moja juu. Hakuniambia kwa sababu hakuwahi kujua kuna gitaa lisilo hivyo, toka anaanza kazi kwenye bendi lile la solo ya pili lilikuwa hivyo. Toka hapo tabu yangu yoyote mstari wa kwanza ni tyuni, kabla hata ya jina la wimbo.

Mwaka jana Desemba nikampelekea daftari. Nikamwambia anko, nakusomea wewe mwenyewe, sikiliza uniambie. Nikaanza na lile pigo lake analoingilia kwenye chemko, ile sehemu ya wimbo inayochangamka:

e|-----------------|
B|--6h8--8p6-----6-|
G|------------7----|
    1    na   2  na

Akasikiliza kafumba macho. Akasema, "Huyo ni mimi, lakini nimevaa viatu vya mtu." Tukarudia. Akaomba gitaa, kidole cha pete kikamgomea kidogo, akakinyoosha, akapiga, na nikaona hagongelei pale mwanzo, anateleza. Kidole kimoja tu. Nikamuuliza anaanzia freti ya ngapi.

"Natoka huko."

"Huko wapi, anko? Sita? Tano?"

"Huko nyuma. Sianzii mahali, nakuja."

Akapiga mara nne na kila mara alikuwa ametoka sehemu tofauti na kila mara alifika ya 8 kwa wakati. Kuna alama yake hiyo, mkwaju bila namba nyuma yake. Nikafuta 6, nikafuta h, nikaandika /8.

Akavaa miwani akaisogeza karatasi. "Hako kamkwaju ndo mimi?"

"Ndo wewe anko."

"Mbona kafupi." Akanyang'anya kalamu, akakavuta kwa nyuma mpaka kakatoka nje ya mistari.